Wapangaji wa Seva Moja

Januari 2017 lilitoka toleo la 5.4 la Laravel, fremu ya lugha ya PHP inayopendwa sana na waandishi wa mifumo ya mtandaoni, na haukupita muda watu wasiojuana, kutoka kila pembe ya dunia, wakawa wanalalamikia namba moja: 767. Habari ilikuwa ile ile. Mtu amemaliza mfumo wake, ameujaribu kwenye laptopu unakubali, ameupeleka kwenye seva aliyoilipia mwaka mzima, ameamuru majedwali ya kanzidata yatengenezwe, na seva imegoma kwenye jedwali la kwanza kabisa. Ufunguo ni mrefu mno, inasema. Mwisho ni baiti 767.

Chanzo kilikuwa emoji. Laravel ilikuwa imebadili namna ya kuhifadhi maandishi ili vikaragosi vile viweze kuingia kwenye kanzidata ya MySQL. Kwa mtindo wa zamani kila herufi ilitengewa baiti 3, na safu ya barua pepe yenye nafasi ya herufi 255 ilihitaji baiti 765. Ilipenya, ikabakiza baiti mbili. Kwa mtindo mpya kila herufi inatengewa baiti 4, na safu ile ile ikadai 1,020. MySQL ilikwisha kulegeza kizuizi hicho kuanzia toleo la 5.7.7, na MariaDB kuanzia 10.2.2, kwa hiyo aliyekuwa na seva yake mwenyewe alipandisha toleo akaendelea na kazi. Mwenzake wa seva ya pamoja hakuwa na ruhusa ya kuigusa MySQL, kwa kuwa haikuwa yake peke yake. Alichobaki nacho ni kujibana: mstari mmoja unaoiambia Laravel kwamba safu za maandishi zisizidi herufi 191, maana 191 mara 4 ni 764. Namba hiyo bado imelala kwenye msimbo wa mifumo mingi ya miaka ile, na wengi wanaoirithi hawajui ilitoka wapi.

Seva ya pamoja ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kuiweka tovuti hewani kwa fedha kidogo. Ni nyumba ya kupanga: kila mmoja ana chumba na ufunguo wake, lakini bomba, choo na mita ya LUKU ni vya wote, na masharti ya mwenye nyumba yameshatangulia kabla ya godoro kuingia. Mpangaji hawaoni wenzake. Anajua tu kwamba wapo, hasa siku mmoja wao anapotuma barua taka hadi anwani ya seva nzima ikazuiwa, na ankara halali za mpangaji wa watu zikaanza kuangukia kwenye folda ya takataka.

Kwa shule binafsi, zahanati, SACCOS au duka la vipuri, gharama ndiyo inayoamua, na hakuna ubaya. Tatizo ni mpangilio wa hatua. Mfumo huandikwa kwanza, kwa zana zozote zilizo kwenye fasheni, kisha siku ya kuukabidhi ndipo mwandishi anapouliza utakaa wapi. Jibu linakuja na masharti ambayo yangepaswa kujulikana kabla ya mstari wa kwanza wa msimbo kuandikwa.

Masharti hayo yana historia. Mwanzoni mwa wavuti, kivinjari kilipoomba ukurasa hakikutaja jina la tovuti. Kilitaja njia ya faili tu, na kila tovuti ikahitaji anwani yake ya IP. Itifaki ya HTTP/1.1, iliyochapishwa Januari 1997, ilikilazimisha kivinjari kutaja jina la kikoa katika kila ombi. Kuanzia hapo kompyuta moja yenye anwani moja iliweza kuhudumia mamia ya majina bila kuyachanganya. Mwaka mmoja kabla, 1996, kijana wa Kimarekani aitwaye J. Nick Koston alikuwa ameanza kuandika cPanel, ile paneli ambayo hadi leo ndiyo sura ya kwanza anayoiona mpangaji akifungua mlango: hapa barua pepe, hapa kanzidata, hapa faili, hapa vikoa. Kwa paneli hiyo mtu asiyejua amri hata moja ya Linux aliweza kuendesha tovuti.

Kilichokosekana kilikuwa lugha ya kufaa maisha hayo, nayo ilikuwa imeshazaliwa. Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, aliitangaza PHP tarehe 8 Juni 1995 kama zana ndogo za ukurasa wake binafsi. Wasomi wa lugha za kompyuta wameicheka kwa miaka mingi, mara nyingine kwa haki. Lakini PHP ina tabia moja ambayo wenye seva waliipenda mno: haikai. Ombi linapofika, msimbo unaamka, unasoma kanzidata, unatoa ukurasa, kisha unakufa na kuachia kumbukumbu yote uliyokuwa umeishika. Mpangaji ambaye tovuti yake haina mgeni usiku kucha hali chochote cha mwenye nyumba usiku kucha. Mamia ya tovuti za namna hiyo zinaenea kwenye mashine moja kwa sababu kwa wakati wowote ni chache tu zilizo macho. WordPress, iliyotoka Mei 2003, ilijengwa juu ya tabia hiyo hiyo, na leo inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani.

Lugha nyingine zina desturi tofauti. Programu ya Ruby, Python au Node.js kwa kawaida huwashwa mara moja, hupakia kila kitu kwenye kumbukumbu, na hubaki macho ikisubiri wageni, wawepo wasiwepo. Kwenye seva ya mtu mmoja huo ni ufanisi. Kwenye seva ya watu mia tatu ni kama kila mmoja amewasha pasi na kutoka.

Mgongano huo ulilipuka hadharani Januari 2008. DreamHost, kampuni ya Kimarekani ya kupangisha tovuti, ililalamika waziwazi kwamba Ruby on Rails, fremu iliyokuwa gumzo la wakati ule, ilikuwa mateso kuiendesha kwenye seva za pamoja, na kwamba waliokuwa wakiitengeneza hawakujali. David Heinemeier Hansson, baba wa Rails, alijibu bila kuuma maneno: yeye na wenzake hawatumii seva za pamoja, hawana shida hiyo, na anayeumia anakaribishwa kuitatua mwenyewe. Jibu lile lilikuwa la jeuri, lakini lilikuwa la kweli kuhusu jinsi programu huria zinavyotengenezwa: kinachorekebishwa ni kile kinachomkera anayeandika. Miezi michache baadaye, Aprili, vijana wawili wa Uholanzi, Hongli Lai na Ninh Bui, walitoa Passenger, programu inayokaa ndani ya seva ya wavuti na kuziwasha programu za Rails pale tu ombi linapofika, kisha kuzizima zikikaa bila kazi.

Passenger hiyo ndiyo iliyojificha leo nyuma ya vitufe vya kuanzisha programu ya Python au Node.js katika paneli nyingi za cPanel. Mpangaji wa Django, fremu ya Python, hapewi amri ya kuwasha seva. Anapewa faili liitwalo passenger_wsgi.py, na akitaka mfumo uanze upya analigusa faili lililo tupu, restart.txt, ndani ya folda ya tmp. Kwa kawaida mchakato uliokaa dakika tano bila mgeni huzimwa. Mgeni wa kwanza baada ya hapo husubiri programu nzima iamke, na kwa mfumo mzito subira hiyo ni sekunde kadhaa.

Kwa tovuti ya kawaida hilo ni kero ndogo. Kwa huduma ya USSD ni kifo. Kampuni kama Africa's Talking ya Nairobi humruhusu mwandishi wa programu kuunganisha menyu za simu na mfumo wake kwa njia rahisi sana: mteja akibonyeza namba, ombi linatumwa kwenye tovuti, na tovuti inajibu maandishi yanayoanza na CON kama mazungumzo yanaendelea au END kama yamekwisha. Faili moja la PHP linatosha, hata kwenye seva ya bei ya chini kuliko zote, kwa sababu PHP haina cha kuamsha. Mfumo ule ule ukiandikwa kwa fremu nzito iliyolala chini ya Passenger, mteja wa kwanza wa asubuhi anaweza kuishia kuona ujumbe wa hitilafu kabla menyu haijatokea, maana mtandao wa simu hausubiri jibu kwa muda mrefu. Uchaguzi wa lugha, ambao vijana huujadili kana kwamba ni ushabiki wa Simba na Yanga, hapa unaamuliwa na saa ya mtandao wa simu.

Mfumo uitwao Ushahidi ni mfano mwingine wa Nairobi, na huenda ndio bora zaidi. Mfumo huo ulizaliwa Januari 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya, pale Ory Okolloh alipoomba msaada wa kuweka taarifa za vurugu kwenye ramani, na Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia wakawa miongoni mwa waliouanzisha. Toleo lililogawiwa baadaye kama programu huria liliandikwa kwa PHP, juu ya fremu ya Kohana, na kanzidata ya MySQL. Kwa macho ya fundi hizo zilikuwa zana za kawaida mno. Lakini asasi ndogo isiyo na mhandisi iliweza kukodi nafasi kwenye seva ya pamoja, ikapakia faili, ikajaza jina la kanzidata, na kuwa na ramani yake. Hata hivyo kazi hiyo iliwashinda wengi, na Agosti 2010, miezi saba baada ya tetemeko la Haiti kuutangaza mfumo huo duniani, Ushahidi ilifungua Crowdmap, ambapo mtu alipata ramani bila kuhangaika na seva kabisa. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na wizara za afya za Tanzania, Kenya na nchi nyingine nyingi, ulichagua njia nyingine: umeandikwa kwa Java na unahitaji PostgreSQL. Kwenye seva ya pamoja hauingii, wala waliouandika hawakuukusudia uingie. Wizara inaweza kuajiri mtu wa kuilinda seva. Zahanati ya mtu binafsi haiwezi.

Tukirudi kwenye nyumba yetu ya kupanga, kuna mita. Zamani mpangaji mmoja mwenye msimbo mbaya aliweza kuiangusha seva nzima. Mwaka 2009 Igor Seletskiy alianzisha CloudLinux, na mfumo endeshi wa kampuni hiyo ukampa mwenye seva uwezo wa kumfungia kila mpangaji ndani ya mipaka yake: kiasi cha prosesa, kiasi cha kumbukumbu, kasi ya diski, na idadi ya maombi yanayoshughulikiwa kwa wakati mmoja. Kila mpangaji akatengewa pia sura yake ya diski, ili asiyaone hata majina ya wenzake. Makampuni mengi ya seva za pamoja hutumia mfumo huo, na aliyewahi kukutana na ukurasa mweupe wenye namba 508 na maneno kwamba kikomo cha rasilimali kimefikiwa, ameonana na mita hiyo uso kwa uso.

Kikomo kinachowatesa watu zaidi ni hicho cha idadi ya maombi. Kiwango cha kuanzia cha CloudLinux ni maombi 20 kwa pamoja. Wateja hukasirika: yaani tovuti yangu inaruhusu watu ishirini tu? Hapana. Ombi linalomalizika kwa sehemu ya tano ya sekunde huachia nafasi haraka, na nafasi 20 za namna hiyo zinatosha maombi 100 kila sekunde, ambayo ni shughuli kubwa kuliko itakayopatikana kwenye shule yoyote ya sekondari. Lakini ombi likichukua sekunde 10, nafasi zile zile 20 zinatosha maombi mawili tu kwa sekunde. Kikomo hakihesabu watu, kinahesabu kusubiri.

Na hakuna kitu kinachosubirisha mifumo ya Afrika Mashariki kama malipo ya simu. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na mwaka 2017 Safaricom ikafungua Daraja, mlango wa kuunganisha mifumo ya nje na malipo hayo. Mfumo ukitaka mzazi alipe ada, unatuma ombi. Daraja inajibu mara moja kwamba ombi limepokelewa. Simu ya mzazi inaonyesha kisanduku cha namba ya siri. Naye akishalipa, au akishakataa, Safaricom yenyewe inatuma matokeo kwenye anwani ya tovuti iliyotajwa mapema. Yaani matokeo hayarudi kwenye ombi la kwanza. Yanakuja baadaye, kwa mlango mwingine.

Mwandishi mwenye haraka hapendi mlango mwingine. Anatuma ombi, kisha anauweka msimbo wake ulale sekunde chache, uangalie kanzidata kama malipo yamefika, ulale tena, hadi nusu dakika ipite. Kwenye laptopu, akijaribu peke yake, inafanya kazi vizuri kabisa. Sasa ifike siku ya mwisho ya kulipa ada. Wazazi ishirini wamebonyeza kitufe ndani ya nusu dakika ile ile, nafasi zote ishirini zimeshikwa na msimbo uliolala, na Safaricom inabisha hodi kuleta matokeo ya malipo ya kwanza. Ombi hilo nalo linahitaji nafasi. Hakuna. Linapewa 508. Wale ishirini wanasubiri jibu ambalo wao wenyewe wamelizuia mlangoni, na fedha za wazazi zimeshakatwa.

Hapo ndipo lawama zinapoelekezwa kwa kampuni ya seva, na watu wanaambiwa wahamie kifurushi cha bei kubwa. Dawa ni ya bure. Msimbo ukishapokea jibu la kwanza la Daraja, umpe mzazi ukurasa wa kusubiri na ufe papo hapo, kama PHP inavyopenda; kisha kivinjari chake kiulize kila baada ya sekunde chache, kwa ombi dogo linalokwisha haraka, kama malipo yameonekana. Na kwa matokeo yaliyopotea njiani, Daraja ina huduma ya kuuliza hali ya muamala, ambayo kazi ya ratiba inaweza kuiita kwa kila malipo yaliyobaki bila jibu.

Kuupandisha mfumo wenyewe hewani ni kisa kingine. Laravel, kama fremu nyingi za kisasa, inaamini kwamba mwandishi anaweza kuielekeza seva ya wavuti kwenye folda yake ya public, na kwamba vingine vyote, msimbo, maktaba na faili la .env lenye nywila za kanzidata na funguo za malipo, vitabaki nje ya macho ya umma. Kwenye akaunti ya cPanel, kikoa kikuu kimeshaelekezwa kwenye folda iitwayo public_html, na mara nyingi mpangaji hawezi kubadili hilo. Njia ya mkato inayotumiwa sana ni kumwaga mfumo mzima ndani ya public_html. Ukurasa unafunguka na mteja anafurahi. Kisha mtu, au roboti inayozunguka mtandaoni usiku kucha ikiulizia faili hilo hilo kwenye kila tovuti, anaandika jina la kikoa, mkwaju, .env, na seva inamsomea nywila zote kwa sauti.

Namna salama haichukui hata nusu saa zaidi. Mfumo unawekwa kwenye folda iliyo kando ya public_html, vilivyomo ndani ya public pekee ndivyo vinahamishiwa humo, na mistari michache ya index.php inayotaja njia za folda inarekebishwa. Au mfumo unawekwa kwenye kikoa kidogo, kwa kuwa cPanel humruhusu mpangaji kuchagua folda ya kikoa kidogo anachokiunda. Hali ya kuonyesha makosa kwa kina nayo izimwe kabla ya siku ya kwanza. Kwa matoleo ya zamani ya Laravel ukurasa wa kosa uliweza kuonyesha maudhui yale yale ya .env, tena kwa mpangilio mzuri wa rangi.

Halafu kuna amri. Mafunzo yote yanasema: pakua maktaba za mfumo kwa kuandika composer install. Pasipo ruhusa ya kufungua ganda la amri, hakuna pa kuandika. Hata pale ruhusa ilipokuwepo, Composer ya zamani ilikuwa na njaa ya kumbukumbu isiyo na adabu: watu wengi wanaikumbuka hitilafu yenye namba 1610612736, ambayo ni gigabaiti moja na nusu kwa hesabu ya baiti, mara nyingi zaidi ya kiasi alichopangiwa mpangaji kwa kila kitu. Toleo la pili, la Oktoba 2020, lilipunguza ulafi huo sana. Walioishi muda mrefu kwenye seva hizi hawasubiri hisani hiyo. Maktaba zinapakuliwa kwenye laptopu, mafaili ya JavaScript yanajengwa huko huko, na kinachopelekwa ni matokeo tu.

Kuyapeleka nako kuna elimu yake. Folda ya maktaba za mradi wa kawaida huwa na maelfu ya faili ndogo, na FTP, itifaki ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1971, hufungua muunganisho mpya kwa kila faili. Kwa laini ya simu inayokatika, kazi hiyo inaweza kula mchana mzima na kuacha faili tatu nyuma, usijue ni zipi. Faili moja la zip, likipakiwa na kufunguliwa na kidhibiti faili cha cPanel, linamaliza yote kwa muda wa kunywa chai. Kanzidata inasafiri kwa namna hiyo hiyo: phpMyAdmin hupokea faili lililobanwa, jambo linalosaidia sana pale ukomo wa upakiaji wa PHP ulipoachwa kwenye megabaiti 2 za kiwandani.

Picha zikigoma kuonekana, sababu mara nyingi ni kiungo. Laravel hutarajia kutengeneza kiungo cha faili kutoka folda ya nje kwenda kwenye hifadhi ya ndani, na wenye seva wengi wamezima kazi hiyo ya PHP pamoja na zile za kuendesha amri. Wana sababu. Kwa miaka mingi viungo hivyo vilikuwa njia ya wavamizi waliodukua tovuti moja dhaifu kuchungulia faili za usanidi za majirani. Badala ya kubembeleza huduma kwa wateja, ni rahisi kubadili usanidi ili picha ziandikwe moja kwa moja ndani ya public_html.

Kazi za nyuma, kama kutuma risiti mia tano, hazina mchakato wa kudumu wa kuzishika. Zinawekwa kwenye jedwali la kanzidata na kuchukuliwa na cron, ratiba ya seva, inayoamsha msimbo kila baada ya dakika kadhaa, ukamaliza foleni, ukafa. Baadhi ya makampuni hayaruhusu cron ya kila dakika. Dakika tano au kumi na tano ndiyo heshima yao. Saa ya seva nayo mara nyingi ni ya UTC au ya jimbo fulani la Marekani, kwa hiyo ripoti inayotakiwa mezani saa kumi na mbili asubuhi ya Dodoma inaandikwa saa 3 kwenye cron ya UTC, na mhasibu anayefikiri kwa saa za Kiswahili ataisoma 3 hiyo kuwa saa tatu asubuhi. Ni vizuri kumwekea maelezo pembeni.

Mambo mengine yamekuwa mepesi. Vyeti vya usalama vilikuwa vya kununuliwa hadi Let's Encrypt ilipoanza kuvitoa bure mwishoni mwa 2015; sasa paneli nyingi zinaviweka na kuvihuisha zenyewe, na ni bahati, maana tangu Julai 2018 Chrome huiandika tovuti isiyo na cheti kuwa si salama. Umbali pia umepungua. Kabla nyaya za chini ya bahari za SEACOM hazijafika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, ombi lililopitia setilaiti iliyo kilomita 36,000 angani lilipoteza nusu sekunde njiani tu, hata kabla seva haijafikiri.

Bei, kwa upande mwingine, imepanda. Oakley Capital ya Uingereza iliongoza ununuzi wa cPanel mwaka 2018, na Juni 2019 leseni zikabadilishwa: badala ya kulipia seva, kampuni inalipia idadi ya akaunti zilizo ndani yake. Biashara ya kujaza wapangaji wengi kwenye seva moja ikapigwa mahali panapouma, na baadhi ya wenye seva walihamia paneli nyingine.

Ni lini basi mtu ahame? Mfumo unaotaka mazungumzo ya papo kwa papo, au unaochakata video, au unaohitaji kanzidata ambayo kampuni haina, usihangaishwe huko hata siku moja. Kwa mingine jibu linategemea watu zaidi ya mashine. Seva binafsi ya mtandaoni leo si ghali, na mwandishi mwenye bidii ataiwasha jioni moja. Akifungua kumbukumbu zake asubuhi yake atakuta wageni wasioalikwa wameshajaribu kuingia kwa jina la root mara nyingi, na wataendelea kila siku. Kuanzia hapo masasisho ya usalama, ukuta wa kinga, cheti, barua pepe na diski inayojaa ni mzigo wake. Shule haikumwajiri kwa hayo. Ilimlipa mara moja, kwa mfumo wa ada, na yeye ana miradi mingine minne. Kwa shule hiyo, seva ya pamoja yenye masharti makali na mtu wa zamu upande wa pili ni salama kuliko seva huru isiyo na mwangalizi, hata kama mwandishi mwenyewe anaiona ni aibu kuiweka kwenye wasifu wake.

Linalobaki ni karatasi, na hapa mifumo mingi mizuri hupotea bila hata hitilafu moja ya kiufundi. Akaunti ilifunguliwa kwa barua pepe ya kijana aliyeandika mfumo. Ililipiwa kwa kadi yake, kwa dola. Kikoa nacho kiliandikishwa kwa jina lake. Kijana akapata kazi mji mwingine, kadi ikaisha muda, taarifa za kuhuisha zikaenda kwenye sanduku ambalo hakuna anayelifungua, na akaunti ikasimamishwa katikati ya muhula. Kwa hiyo siku ya makabidhiano kikoa na akaunti viwe kwa jina la taasisi, taarifa ziende kwenye barua pepe ya ofisi ambayo watu wawili wanaifungua, na nakala ya kanzidata ipakuliwe kila wiki hadi kwenye diski iliyo ndani ya ofisi hiyo. Nakala ya kampuni ipo, pengine, lakini masharti ya makampuni mengi, kwenye aya ambayo wateja hawaifikii, yanasema wazi kwamba nakala za akiba ni jukumu la mpangaji.